Mgawo wa Mashine

"Shika hapo hapo, usitikisike," Fundi Baridi alisema, na drili ikaanza kunguruma ukutani.

Mkewe alikuwa amekinga shuka kuukuu chini ya tundu, uso ameugeuzia pembeni, vumbi la matofali likimnyeshea nywele. Drili ikalia, ikakwama, ikalia tena. Kisha ikapiga yowe jepesi, na upande wa pili wa ukuta binti yao akapiga kelele, "Imetokea! Baba, imetokea! Nusura initoboe sikio!"

Wote watatu wakacheka. Fundi Baridi akapuliza tundu kwa mdomo, akaingiza waya wa skrini, na vidole vya binti vikaudaka upande wa pili na kuuvuta taratibu.

Jina la Baridi alipewa na wateja kwa sababu kazi yake ni kutengeneza mafriji, likamkaa vizuri zaidi kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Binti naye, waliyezoea kumwita Ramani, alikuwa akichora nyumba tangu hajui kusoma. Alichora ukutani, nyuma ya kalenda, mpaka kwenye plasta ya mkono alipovunjika. Sasa alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha usanifu wa majengo, na masomo mengi aliyapata nyumbani kwa mtandao.

Wazo la mashine lilianzia mezani, baada ya kula. Kompyuta ya mama, aliyeishi kwa kusikiliza mikutano ya watu iliyorekodiwa na kuipiga chapa, ilikuwa imeng'oka vitufe kama bibi aliyeng'oka meno. Ya baba ilikuwa haiwaki mpaka ipigwe kofi. Iliyokuwa na afya ni moja tu, ya mapajani, ambayo Ramani aliipata kama zawadi alipowashinda wanafunzi wenzake katika mashindano ya uchoraji.

"Tutaunda moja yenye nguvu," Fundi Baridi aliwaeleza. Alikuwa amesoma habari hizo kwa miezi, na siku hiyo macho yake yalimeta. "Kasha moja, lakini ndani yake kompyuta tatu. Kila mtu na skrini yake, kibodi yake, mafaili yake. Mnafanya kazi pamoja kwa wakati mmoja na hakuna anayemwona mwenzake. Hizo za ndani zinaitwa kompyuta pepe."

"Pepe au pepo?" mkewe akauliza. "Maana mimi sitaki kitu kinachoingia kwa mwenzake bila kupiga hodi."

Wakacheka mpaka mama akajifuta machozi. Ramani akainuka, akaenda chumbani, akarudi na kompyuta yake ikiwa bado imefungwa ndani ya sweta alilolitumia kuikinga na vumbi. Akaiweka mezani, katikati ya sahani.

"Iuzwe basi. Si nitapata nyingine humo ndani?"

"Utapata bora kuliko hii," baba yake akasema.

Siku ile alikuwa hasemi uongo.

Kompyuta ya Ramani iliuzwa, na kwa kile ilicholeta ikanunuliwa kadi ya picha. Ilikuwa nene kama tofali, na feni tatu ubavuni. Ndiyo inayochora kila kionekanacho kwenye skrini, Fundi Baridi aliwaambia. Kadi ikiwa dhaifu, hata mashine ya mfalme huchechemea. Mama na Ramani waliishika kwa zamu, kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga. Kadi nyingine mbili, ndogo, alizipata kwa fundi mwenzake. Kasha likasimamishwa ukumbini, nyaya zikapita kwenye matundu: moja chumbani kwa Ramani, moja kwenye meza ya mama kando ya dirisha, na ya tatu katika stoo ndogo ambayo Fundi Baridi aliifanya ofisi yake.

Kilichobaki kilikuwa ni mgawo.

Mgawo hufanywa kwenye ukurasa mmoja, na ukurasa huo una neno lake la siri. Neno alilijua yeye peke yake. Akaketi stooni, ukurasa ukamwuliza: nani apewe nini? Prosesa ilikuwa na kore kumi na mbili, yaani vichwa kumi na viwili vya kufanyia kazi. Nne kwa nne kwa nne, hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza. Lakini mashine mpya sharti ijaribiwe, alijiambia, na huwezi kujaribu nguvu kwa kuzigawa. Akajiwekea saba. Mama akampa tatu, Ramani mbili. Kadi kubwa akaielekeza kwake. Kwa kujaribu tu.

Na kwa kujaribu tu akaweka mchezo wa kurusha ndege, maana watu walisema hakuna kitu kinachoitoa mashine jasho kama ule.

Fundi Baridi hakuwahi kupanda ndege. Mchana kutwa alikuwa amepiga magoti nyuma ya mafriji ya watu, pua kwenye vumbi la koili, akinusa mabaki ya vyakula ambavyo wenyewe wameshavisahau. Jioni ile akavuta usukani mdogo aliouazima, uwanja ukakimbia chini yake, na ghafla pakawa hapana chini. Mawingu alizoea kuyaona matumbo. Sasa aliyaona migongo. Akajikuta amebana pumzi kama mtu aliye majini.

Kesho yake alikusudia kurekebisha mgawo. Lakini kesho ilizaa kesho nyingine, na hiyo nayo haikuwa tasa. Tena picha ya milima ilikuwa ikikatakata alipoikaribia, basi akarudi kwenye ukurasa na kuongeza amri moja ndogo: kumbukumbu ya mashine yake ikipungukiwa, iazime kwa wenzake. Kuazima si kuiba, alijiambia. Akavaa vipokea sauti masikioni ili asisumbue watu, akafunga mlango wa stoo. Mama na Ramani waliamini kwamba anaichunga mashine. "Mwacheni baba," mama alikuwa akisema, "anaangalia mitambo."

Haikupita muda Ramani akaja kusimama mlangoni. "Baba, yangu inakwama nikilizungusha jengo."

"Unafungua vitu vingi kwa mara moja," alimjibu bila kugeuka. "Mashine ni kama mtu, mwanangu. Kichwa kimoja hakibebi mitungi miwili."

Ramani alikuwa mtoto wa kusikia. Akafunga muziki. Akafunga kamusi. Mashine ilipoendelea kukwama akaanza kupunguza alichokichora. Kwanza aliondoa miti iliyozunguka jengo lake, kisha samani, kisha vioo vya madirisha kwa sababu mwanga unaopita kwenye kioo ni mzigo mzito. Lilikuwa jengo la maktaba, lenye ngazi inayopanda kwa kujizungusha katikati ya rafu. Mwisho ghorofa tatu zikawa mbili. Fundi Baridi alipita chumbani mwake siku moja, akaona ghorofa imepungua, akajua kwa nini, akaendelea na safari yake ya kwenda kunywa maji.

Jirani yao, dereva wa lori, alikuja kuiona mashine iliyovuma mtaa mzima. Akazunguka kasha mara mbili kama anayekagua tairi.

"Fundi, wewe ni kiboko! Kitu kimoja, watu watatu! Sasa mmegawanaje humo ndani?"

Ramani alikuwa amesimama hapo hapo, ameshika trei ya chai, anatabasamu kwa fahari ya baba yake.

"Sawa kwa sawa," Fundi Baridi akasema.

"Ndivyo inavyotakiwa nyumbani!" jirani akampiga bega. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji; na huyu alikuwa amelitia kabla hata ya kusifiwa.

Ikafika Jumamosi ya Ramani kutetea kazi yake. Walimu wangekaa chuoni, yeye angekaa chumbani mwake, aifungue maktaba mbele yao kwa mtandao, awapitishe mlango kwa mlango na kujibu maswali. Mama alizima redio tangu asubuhi. Akamfunga binti yake kitambaa cha kichwa, akakifungua, akakifunga upya.

"Leo nyumba hii sitaki isikike hata kijiko," akatangaza.

Fundi Baridi alikuwa na ahadi ya friji moja, mwenye friji akaahirisha. Akazunguka ukumbini, akakosa la kufanya. Mikono yake ikamwasha. Mtoto ataongea tu, aliwaza, ataonyesha picha mbili tatu. Hilo si kazi kubwa. Akaingia stoo, akafunga mlango polepole kama mwizi katika nyumba yake mwenyewe, akavaa vipokea sauti.

Siku hiyo alichagua kutua katika mji mkubwa kuliko yote aliyowahi kuijaribu. Alishuka kutoka mawinguni, na mji ukaanza kujijenga chini ya bawa lake: paa juu ya paa, mtaa baada ya mtaa, madirisha yanayong'aa jua, maelfu kwa maelfu. Hakuna kilichokatakata. Mashine ilihitaji mahali pa kuyaweka majumba yote hayo, ikageuka huku na huku, ikafanya ilivyoamriwa. Ikaazima.

Alihisi mkono begani. Mkewe alikuwa nyuma yake. Fundi Baridi hakujua amesimama hapo tangu lini. Alivua vipokea sauti, na kimya cha nyumba kikamwingia masikioni kama maji.

"Mashine ya mwanao imezima," mama akasema. Hakuwa anamtazama yeye. Alitazama skrini, ndege ikielea juu ya mji.

Ramani alikuwa amekaa mbele ya skrini nyeusi, mikono imelala mapajani, viganja juu. Simu ilikuwa kando yake. Walimu walikuwa wamemsubiri, wamempigia, kisha wamemwambia kwamba zamu ni ya mwenzake sasa. Aliposikia hatua za baba yake akageuka, na uso wake ulikuwa umelowa mpaka kidevuni.

"Baba, nimeiharibu," akasema. "Niliirudisha miti. Nilisema leo ndiyo siku yenyewe, nisiwaonyeshe jengo limekaa uchi. Nikaweka miti yote na ile ghorofa. Uliniambia, baba. Uliniambia kichwa kimoja hakibebi mitungi miwili. Nisamehe."

Fundi Baridi alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, aliyahisi yamepanga foleni kooni. Kilichotoka kilikuwa kingine.

"Si kitu, mwanangu. Yanatokea."

Akampigapiga mgongoni. Ramani akamshika ule mkono, akaubusu.

Mkewe alimkuta jikoni, amesimama mbele ya friji yao wenyewe, mlango wazi, hachukui kitu.

"Kila ukivaa yale madude masikioni," mama akaanza, sauti ya chini ili isipenye ukuta, "sauti za kazi yangu huanza kugugumia. Nilidhani ni masikio yangu yanazeeka. Nimekuwa nikirudia sentensi moja mara tatu, mara nne, nikimlaani mzungumzaji wa watu. Kumbe."

"Nitaongea naye."

"Kikulacho ki nguoni mwako, lakini yule maskini hajui ajikune wapi." Akafunga mlango wa friji, akibakiza kidogo tu kumbana kidole. "Mimi niliyeolewa nawe nimezoea. Ila mtoto amekuomba msamaha, baba Ramani. Nawe ukaupokea."

Jumapili nzima Fundi Baridi hakukanyaga stoo isipokuwa mara moja. Alifungua ukurasa wa mgawo, akafuta ile saba yake, kidole kikiwa tayari kuandika nne. Angeweza kumaliza kabla chai haijapoa. Mashine ya Ramani ingeamka ikiwa nyepesi, yeye angesema amesafisha vumbi kwenye feni, na mtoto angemshukuru. Hilo la kushukuriwa ndilo lililomshinda. Alijiona kama paka anayefukia uchafu wake kwa mguu wa nyuma huku akitazama kwingine. Akaiacha saba irudi mahali pake, akazima skrini.

Jumatatu asubuhi alivaa shati la kwendea harusini.

"Unakwenda wapi?" Ramani akauliza mlangoni. Alikuwa ameitwa chuoni kuelezwa matokeo, na matokeo alikwisha kuyajua.

"Nakwenda nawe."

Walipofika kwenye ukumbi mrefu wa chuo, nje ya ofisi ya mkuu wa idara, Ramani alimvuta mkono. "Baba, nakuomba kitu. Usiwaambie kwamba mashine ni mbovu. Waambie ni mimi niliyekosea kuitumia. Sitaki watu waseme umeunda kitu kibovu."

Fundi Baridi alitazama viatu vyake. Angepewa nafasi ya kuchagua, angechagua sakafu ipasuke.

Mkuu wa idara alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ameipandisha juu ya nywele. Walimu wengine wawili walikuwa kwenye meza za pembeni wakisahihisha. Aliwakaribisha viti, akampa pole binti, akasema kwa upole kwamba kazi haikuonekana, na kazi isiyoonekana haina alama; itabidi arudie muhula ujao.

"Nimeelewa, mwalimu," Ramani akasema haraka. "Kosa lilikuwa langu."

"Si lake," Fundi Baridi akasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyozoea. Wale wawili wa pembeni wakainua vichwa.

"Mashine ni moja nyumbani. Niliiunda mimi. Tunaitumia watatu kwa wakati mmoja, kila mtu na fungu lake. Mimi ndiye mgawaji. Mafungu ni kumi na mawili. Mama yake nilimpa matatu. Yeye mawili."

Mkuu wa idara alisubiri, kisha akafanya hesabu mwenyewe. "Na saba?"

"Saba yangu. Na kadi ya picha, ile kubwa, iliyonunuliwa kwa kompyuta yake yeye. Nayo yangu. Na nikiwa kazini hata kumbukumbu ya mashine yake naiazima. Ndiyo maana ilizima."

"Kazi gani hiyo, mzee, inayokula kiasi hicho?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea. Angeweza kusema hesabu za karakana, angeweza kusema majaribio. Mwalimu asingejua, na Ramani angeamini.

"Nilikuwa narusha ndege."

"Wewe ni rubani?"

"Hapana. Ni mchezo, wa kwenye kompyuta. Mimi ni fundi wa mafriji."

Mmoja wa wale wa pembeni alianza kucheka, akakigeuza kicheko kikohozi, akakohoa kwa muda mrefu kuliko kikohozi chochote cha kweli. Jasho lilimtiririka Fundi Baridi chini ya shati la harusi. Hakuthubutu kugeuza shingo upande aliokaa binti yake. Aliona tu mikono yake, jinsi ilivyoachia mkanda wa mkoba.

Mkuu wa idara akashusha miwani. "Binti, kazi hiyo unayo?"

"Ninayo." Sauti ya Ramani ilikuwa kama ya mtu aliyeamshwa. "Lakini vioo niliviondoa zamani. Na samani."

"Kwa nini? Mchoro wako wa kwanza ulikuwa na vioo, naukumbuka."

"Nilidhani ni mimi ninayefungua vitu vingi."

Hakuna aliyekohoa. Mkuu wa idara aliandika jambo, akasema atawaomba wenzake wamsikilize tena kabla ya wiki kuisha. Haahidi, lakini ataomba. Na safari hii awe na mashine ya kutegemewa.

Njiani Ramani alitangulia. Hakukimbia wala hakujivuta. Alitangulia tu, na kila baba yake alipoongeza mwendo, naye aliongeza. Mteja mmoja akapiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara, "Fundi! Ile friji yangu inatoa maji tena!" Fundi Baridi akampungia mkono. Kwenye kivuko, magari yalipowazuia, akamfikia. Walisimama bega kwa bega wakitazama mbele.

"Kadi ilikuwa kwako tangu lini?" Ramani akauliza.

"Tangu siku ya kwanza."

"Na jirani alipouliza?"

"Nilidanganya."

"Na uliponiambia nifunge muziki?"

Lori likapita, na alipaswa kusubiri limalize kelele zake ndipo ajibu. Ulikuwa muda wa kutosha kuliona swali lote.

"Nilikuwa najua, mama. Wakati wote nilikuwa najua. Hata Jumamosi, uliponiomba msamaha."

Ramani akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayehakiki vipimo alivyokwisha kupima. Magari yakasimama. Wakavuka.

Nyumbani mama alikuwa mezani kwake kando ya dirisha. Alitazama uso wa binti, akatazama wa mume, akavirudisha vidole vyake kwenye kibodi bila kuandika neno. Ramani hakwenda chumbani kwake. Alinyoosha moja kwa moja mpaka stoo, akavuta kiti cha baba yake, akaketi. Skrini ikadai neno la siri.

"Ni nini?"

Fundi Baridi alikuwa amebaki kizingitini. Alihisi mkewe anasikiliza.

"Rubani," akasema.

Ramani aliandika herufi moja moja. Ukurasa ukafunguka, na mgawo wote ukawa mbele yao kama ulivyokuwa: majina matatu, na namba zake ubavuni. Aliusoma mstari kwa mstari. Kisha akaifuta ile amri ya kuazima. Kadi kubwa akaihamishia upande wake, na alipokuwa akifanya hivyo hakugeuka kuomba ruhusa. Kwenye jina la mama akafuta tatu, akaweka nne. Kwenye jina lake akafuta mbili, akaweka nne.

Likabaki jina moja. Akafuta saba. Kisanduku kikawa kitupu, kijistari kikiwaka na kuzimika ndani yake.

"Na wewe, baba," akauliza, bila ukali na bila mzaha, "nikuwekee ngapi?"

Fundi Baridi alisimama mlangoni, mikono nyuma kama mwanafunzi. Kule ukumbini feni za kasha zilikuwa zimepunguza mwendo. Vidole vya binti yake vilikuwa juu ya namba, havijagusa, vinamsubiri.